Kibao cha Mlangoni na Chungu cha Jikoni: Mlaji kati ya Mikahawa ya Matawi na Mikahawa ya Wenyeji, Diani

Tumeombwa tuseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sasa kila pembe, barazani na ndani ya matatu ziendazo Likoni. Mikahawa yenye majina makubwa, ile ambayo mtu huikuta Nairobi akaikuta tena Mombasa, imeelekeza macho yake Kusini. Wako wanaoshangilia kwamba mji umekuwa mji. Wako wanaohofu kwamba baada ya miaka michache mbaazi za nazi zitapatikana nyumbani kwa mtu tu. Na katikati yao yupo mlaji, mwenye njaa na fedha zake mkononi, asiyejua ajihadhari na nini.

Kazi yetu ni huyo mlaji. Hatukuja kumpigia debe mwenye kampuni, wala hatukuja kumpigia debe mama mwenye kibanda. Lakini tuna jambo moja tunaloliamini, na tutalisema mapema ili msilisubiri: kibao cha mlangoni hakimlindi mtu. Kinachomlinda ni yale anayoweza kuyaona na kuyauliza kabla hajala, na hayo yanawezekana kibandani sawasawa na yanavyowezekana penye kiyoyozi.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Tukisema mkahawa wa matawi tunakusudia ule unaofanya kazi kwa jina moja, vyakula vilevile na taratibu zilezile katika miji mingi, uwe ni mali ya kampuni moja au ya mfanyabiashara aliyepewa haki ya kulitumia jina hilo kwa mkataba. Tukisema mkahawa wa wenyeji tunakusudia ule ambao mwenye mali yupo papo hapo, na aghalabu ndiye apikaye: kibanda cha viazi karai na bajia, hoteli ya pilau karibu na stendi ya Ukunda, banda la samaki ufuoni. Mgeni asishangae, kwetu hoteli ni mahali pa kula hata kama hapana kitanda. Wala tusidhani kwamba kila mkahawa wa matawi ni wa kigeni. Java House ilianzia Nairobi mwaka 1999. KFC, ambayo asili yake ni Marekani, ilifika Kenya mwaka 2011. Mmoja ni mzawa na mwingine ni mgeni, ilhali kwa mlaji wa Diani wote wawili hufanya kazi kwa namna inayofanana.

Kwa nini mikahawa hii inakuja sasa, na haikuja miaka arubaini iliyopita? Hoteli za ufuoni zilipoanza kushamiri katika miaka ya 1970, mgeni wa Ulaya alikuwa aghalabu amekwisha kulipia chakula chake kabla ya kupanda ndege. Alikula alikolala. Kisha zikaja ghasia za Likoni za Agosti 1997, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na korona ya mwaka 2020, na kila mara mgeni huyo aliadimika. Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya Mkenya mwenye likizo fupi. Tangu reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa ianze kubeba abiria mwaka 2017, na sasa barabara ya Dongo Kundu inamwezesha msafiri kufika Kusini pasi na kungoja feri, safari imekuwa nyepesi kuliko zamani. Mgeni wa namna hii hukodi nyumba yenye jiko, jiko lenyewe asilitumie, na jioni hutoka na watoto kutafuta chakula. Watoto wanalijua jina la mkahawa tangu kwao. Mkahawa wa matawi umemfuata mteja wake, basi.

Bidhaa yake ya kwanza ni uhakika. Kuku wake wa Diani ni sawa na kuku wake wa Nairobi, kwa sababu viungo vimepimwa mbali na hapa, mafuta yana kipimo chake cha joto, na mpishi hana ruhusa ya kuonja na kuongeza chumvi. Bei imeandikwa juu ya kaunta kwa herufi kubwa. Risiti hutoka yenyewe. Choo kipo, na kina maji. Mzazi mwenye watoto watatu waliochoka hapaswi kudharauliwa kwa kuyathamini mambo hayo, maana si madogo. Tumewasikia wenyeji wakisema kwamba anayekula huko ana kiburi; sisi tunaona kwamba mara nyingi anakimbia kitu fulani, na kitu hicho tutakitaja baada ya muda mfupi.

Lakini uhakika huo una gharama yake, na gharama hiyo imo ndani ya bei. Anayetumia jina la kampuni nyingine humlipa mwenye jina ada, mara nyingi kwa sehemu ya mauzo yake, na hana uhuru wa kununua anapopenda. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Wakenya waliliona jambo hili waziwazi, pale mikahawa ya KFC ilipotangaza kuishiwa na chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa njiani. Nchi inayolima viazi Nyandarua, Nakuru na Meru ikaambiwa hakuna viazi. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa, na kampuni ikasema itawatafuta wakulima wa hapa nchini. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake hawana budi kupitia ukaguzi wa ubora, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo hiyohiyo inayofanya chipsi zifanane kila mahali. Hata hivyo mlaji ajue anachokinunua: ananunua mnyororo mrefu, na mnyororo mrefu ukikatika mahali pamoja, meza zote hukosa.

Mkahawa wa wenyeji huuza kitu kingine. Mahamri ya alfajiri yaliyoumuliwa usiku, samaki wa kupaka aliyechomwa kwanza kisha akarudishwa katika rojo la nazi na ukwaju, wali uliopikwa kwa tui la nazi iliyokunwa asubuhi hiyo. Unaweza kusema punguza pilipili, na ikapunguzwa. Unaweza kununua nusu sahani. Na liko jambo ambalo mgeni halioni kabisa, nalo ni daftari. Fundi wa mjengo anayelipwa Jumamosi hula tangu Jumatatu kwa kuandikwa katika daftari la mama, na watoto wa jirani aliyefiwa hula bila kuandikwa. Hakuna mkahawa wa matawi unaoweza kufanya hivyo, hata meneja wake akiwa na moyo wa dhahabu, kwa kuwa hesabu yake hufungwa kila usiku na kupelekwa mahali pengine. Kodi za nyumba za biashara zikipanda, na mama huyo akashindwa kulipa, wanaojenga Diani ndio watakaokosa pa kula Diani. Hilo si jambo la hisia. Ni suala la chakula cha watu wanaofanya kazi.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa tutakaa kitako.

Tulisema kwamba mgeni anayeukimbilia mkahawa wa matawi anakimbia kitu. Anakimbia bei ya uso. Malalamiko ya namna hii tunayafahamu sote: mtu ameketi, ameagiza samaki, amekula, kisha ametajiwa bei ambayo mwenzake wa meza ya pili hakutajiwa, kwa sababu yeye amekuja na gari lenye vumbi la barabara ndefu, au rangi yake, au lafudhi yake, imemsema. Muuzaji naye ana maelezo yake. Atasema samaki hana bei moja, leo amenunua ghali, jana alinunua rahisi. Ni kweli. Lakini bei kubadilika kila siku ni jambo moja, na bei kubadilika kila uso ni jambo jingine, na sheria inayatofautisha.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindiwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mtu ada au malipo ambayo hakuarifiwa kabla ya kuhudumiwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumwambia mnunuzi maneno ya uongo juu ya kile anachouziwa. Sheria hizi hazikusema kwamba zinawahusu wenye viyoyozi tu. Bei iliyotajwa baada ya sahani kuwa tupu haikutajwa.

Tena msidhani hila ya bei inakaa vibandani peke yake. Chukueni mfano wa hesabu tu, pasi na jina la mkahawa wowote. Menyu imesema samaki ni Sh 1,200. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, imeandikwa kwamba bei haina kodi. Inakuja hesabu: kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, asilimia 16, ni Sh 192. Ushuru wa utalii, asilimia 2, ni Sh 24. Malipo ya huduma, tuseme asilimia 10, ni Sh 120. Samaki wako sasa ni Sh 1,536, na bahasha ya hesabu imeletwa na peremende juu yake. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, uliza swali hili kwa sauti ya kawaida: bei hii ndiyo nitakayolipa? Malipo ya huduma ni ya mwenye mkahawa kuyapanga, si kodi ya serikali, na kama hukuarifiwa kabla, una haki ya kuyapinga. Na mkahawa ambao haujasajiliwa kwa VAT hauruhusiwi kukutoza VAT. Ukiiona katika risiti ya mkono, omba kuonyeshwa usajili wake.

Kwa ninyi wapishi, tunatoa rai ambayo gharama yake ni ubao na kipande cha chaki. Andikeni bei ya leo asubuhi. Samaki akipanda kesho, futeni na kuandika upya, hakuna atakayewalaumu. Mkitaka kumpunguzia jirani, mpunguzieni, kumpunguzia mtu chini ya bei iliyoandikwa ni ukarimu. Kumpandishia mtu juu ya bei ambayo haikuandikwa kuna jina jingine. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini mgeni wa siku mbili hana muda wa kuujua wema wa chungu chako. Anausoma ubao kwanza. Sisi tunaamini kwamba ubao huo utamrudishia mama mwenye hoteli wateja wengi zaidi kuliko malalamiko yoyote dhidi ya kampuni kubwa. Na kwa wale wanaouza samaki kwa kilo, semeni mapema kama kilo hiyo ni ya samaki mzima au ya aliyekwisha kutolewa matumbo na magamba, kwa kuwa tofauti yake hulipwa na mlaji. Mizani ya biashara hutakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri. Mlaji aangalie muhuri, na aombe samaki apimwe mbele yake.

Tumefika kwa samaki mwenyewe. Karibu kila menyu ya ufuoni humwita samaki wa leo. Mwenye kuishi hapa anajua kwamba bahari ina misimu. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi hivi, maji hutulia, na vyombo vidogo huvuka mwamba na kurudi na nguru, jodari na kolekole. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka, mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba, na samaki wakubwa huwa haba na ghali. Basi mgeni anayehakikishiwa katikati ya Julai kwamba kila meza ina nguru wa mtumbwi wa asubuhi ana sababu ya kuuliza. Pengine ni kweli. Pengine ametoka katika jokofu, na samaki wa jokofu si haramu. Aliyegandishwa vizuri ni salama kuliko mbichi aliyeshinda juani. Tatizo ni kumwita kwa jina lisilo lake na kumtoza kwa jina hilo.

Mtu asione haya kuomba aonyeshwe samaki kabla hajapikwa. Katika mabanda mengi ya ufuoni hilo ni jambo la kawaida, na ni fahari ya mwuzaji. Tazama macho: yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi juu. Harufu iwe ya bahari. Katika mkahawa wa matawi hutaonyeshwa samaki, kwa kuwa amefika akiwa amekatwa na kufungwa. Huko uliza ametoka wapi na ni samaki gani. Jina samaki peke yake si jibu.

Liko onyo moja ambalo tungependa kila mmoja aondoke nalo, kwa sababu hata wapishi hodari hawalijui. Jodari, nguru na vibua wakikaa katika joto baada ya kuvuliwa, hufanyika ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchoma, kukaanga wala kuchemsha, na samaki anaweza asinuke. Mlaji huhisi ukali kama wa pilipili ulimini, kisha uso huwaka na kuwa mwekundu, kichwa huuma, ngozi hutoka vipele, moyo hwenda mbio. Haya huanza baada ya dakika chache au saa chache. Wengi hudhani samaki wamewakataa, wakaapa kutomla tena, kumbe ni barafu iliyokosekana mtumbwini au njiani. Akihisi hivyo mtu aache kula mara moja na aende kwenye kituo cha afya, na aeleze amekula nini na wapi. Kwa mvuvi na mpishi, kinga yake ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Hapana njia ya mkato.

Juu ya usafi tutasema machache zaidi, maana mengi mnayajua. Kila mahali panapouzwa chakula kilichopikwa panatakiwa kuwa na leseni ya usafi wa chakula, na kila anayeshika chakula anatakiwa kuwa na cheti cha kupimwa afya ambacho huhuishwa kila baada ya miezi sita. Vyeti hivyo hutolewa kibandani na kwenye mkahawa mkubwa kwa sheria ileile. Ukuta wenye vigae haukaushi mikono ya mtu. Mtazame anayepokea fedha: je, ndiye huyohuyo anayechukua chapati kwa mkono? Tazama chakula kilichoiva kimefunikwa au kimeachiwa nzi. Wali uliopikwa mchana usiliwe usiku kama ulikaa nje, hasa wali wa nazi, ambao huchacha upesi. Bakteria wa wali huacha sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Chakula kinachongoja kiwe moto wa zaidi ya nyuzi 60 au baridi ya chini ya nyuzi 5. Kilicho vuguvugu ndicho cha kuogopwa.

Na maji. Mwamba wa matumbawe tunaokaa juu yake hupitisha maji upesi, na kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo hakiwezi kuaminiwa kwa macho, hata maji yake yawe maangavu. Kipindupindu hakikutoka nchini. Ulizeni barafu ya sharubati imetengenezwa kwa maji gani, iwe ni sharubati ya ukwaju ya Sh 50 au ya embe ya Sh 400. Dafu lililopasuliwa mbele yako halihitaji swali hilo, na kwa rai yetu ni kinywaji bora kuliko vyote vilivyomo katika menyu yoyote ya Diani.

Mwenye mzio atapata urahisi zaidi kwenye mkahawa wa matawi, ambako orodha ya viungo mara nyingi ipo. Kwa wenyeji itambidi aulize juu ya korosho, karanga, kamba na kaa, na amuulize mpishi mwenyewe, asimuulize kijana anayefuta meza. Anayetafuta uhakika wa halali asitosheke na neno lililochorwa ukutani. Aombe cheti na asome tarehe yake ya mwisho.

Yako maswali juu ya fedha inakokwenda, nasi hatutaki kuyakwepa. Anayekula samaki wa kupaka Ukunda amemlipa, kwa mkono mmoja, mvuvi, mwuza nazi, mwuza mkaa na mpishi, na wote wanne pengine wanaishi tarafa moja. Kwale na Kilifi ndiko minazi ya nchi hii ilikojaa, na bei ya nazi hupanda na kushuka kwa vyungu vya hapa. Anayekula kwenye mkahawa wa matawi amemlipa mtumishi wa hapa mshahara, mwenye jengo kodi, na sehemu iliyobaki imesafiri. Lakini tuseme yote: mtumishi huyo huenda ana barua ya ajira, hati ya mshahara na michango ya NSSF, ilhali binti anayeosha vyombo kibandani huenda hana hata siku ya mapumziko. Mlaji anayesema ananunua kwa wenyeji ili awasaidie wenyeji asimsahau binti huyo. Na kampuni inayosema imekuja kukuza Diani iulizwe ni samaki wangapi imenunua kwa wavuvi wa hapa, na nazi ngapi. Maswali hayo si ya uchokozi. Mnunuzi ana haki ya kuyauliza kama anavyouliza bei.

Jambo likiharibika, hatua hazina ugumu. Sema kwanza na mwenye mkahawa au meneja, hapohapo, kabla ya kulipa ikiwezekana. Unapolipa kwa simu, soma jina litokealo kabla ya kuthibitisha malipo, uhakikishe ni la mkahawa na si la mpita njia, na uhifadhi ujumbe. Omba risiti kila mara. Mwenye kibanda asiye na mashine anaweza kukuandikia kwa kalamu tarehe, chakula na kiasi. Jambo la usafi au ugonjwa lipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, upesi, kabla mabaki hayajatupwa. Jambo la mizani lipeleke kwa maafisa wa mizani na vipimo. Jambo la ada zilizofichwa au maneno ya uongo lipeleke kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake ni pamoja na kuwalinda watumiaji. Ukidai fidia isiyozidi Sh 1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, ambako mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Tumewaletea mbao ishirini na sanduku la chaki. Ziko pale mlangoni kwa mwenye hoteli au kibanda chochote atakayependa, bila malipo na bila kuandikishwa jina. Maswali tuko tayari kuyapokea, na tungependa wapishi watangulie.